Nimekuwa baba mara mbili, mara moja kwa simu

Naanza na picha moja ambayo washkaji zangu wa Morogoro walinicheka nayo karibu mwezi mzima. Nimesimama kituo cha tramu hapa Göteborg, Sweden, Jumanne mchana, saa ambazo mwanaume mzima anatakiwa awe kazini, kifuani nimembeba mwanangu wa kiume kwenye kile kibebeo cha mikanda, mkononi chupa ya uji, begani mfuko wa pampasi. Mmoja akaandika "huyu kashalishwa limbwata", mwingine akauliza wife ananilipa kwa wiki au kwa mwezi. Nilicheka na mimi. Ila waliofanya nikae chini niandike sio wao, ni binti yangu mkubwa ana miaka 13, yupo Moro kwa babu na bibi yake, yeye aliiona ile picha akajibu neno moja tu, "kazuri". Nikasubiri aongeze kitu, nikaona zile tiki za bluu, hakuongeza.

Sasa hili jambo la baba na watoto nimeliona kwa macho ya nchi mbili na kwa bahati mbaya nimeliona kwa watoto wangu mwenyewe, kwaiyo sitaki kusikia mtu ananiambia wazungu wanawadekeza watoto wala mtu anayesema sisi waafrika hatujui kupenda, wote wawili nawaona hawajakaa na mtoto siku nzima peke yao.

Kwanza mjue hapa Sweden inavyokuwa. Mkipata mtoto mnapewa siku 480 za malezi, nusu yako nusu ya mwenzako, mnaweza kupeana lakini siku 90 za kila mmoja hazihamishiki, yani wewe baba usipozitumia zimekufa hizo, mama hawezi kuzichukua. Siku 390 kati ya hizo zinalipwa kwa kuangalia mshahara wako, karibu asilimia 80 japo kuna kikomo, zilizobaki ni kronor 180 (hela ya hapa) kwa siku. Mimi nilichukua miezi 7. Bosi wangu hata hakushangaa, alichouliza ni tarehe ya kuanza tu.

Nyumbani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, akijifungua zaidi ya mmoja 100, alafu baba siku 3. Tatu. Na uzichukue ndani ya siku 7 za mtoto kuzaliwa. Binti yangu alivyozaliwa ya kwanza niliimaliza kwenye benchi la hospitali, ya pili nikaimaliza kuzunguka kutafuta hela, ya tatu wageni wamejaa ndani hata pa kukaa sina, ya nne niko kazini nabeba maboksi. Wakenya wenzetu sheria yao ya 2007 inatoa wiki 2, angalau. Na hapo tunaongelea mwenye mkataba jamani, dereva boda, mkulima, mama ntilie na mume wake anayeuza maji stendi, hao likizo wanaomba kwa nani?

Najua mtu atasema hizo ni mila zao, waache wenyewe. Hapana bana. Mpango wao ulianza 1974 na wanaume wa hapa waliukimbia kama ukoma, miaka ile ya mwanzo walikuwa wanachukua chini ya asilimia 1 ya siku zote. Ikabidi wachapishe mabango, wakamtafuta mbeba vyuma mmoja Lennart Dahlgren, jina la utani Hoa-Hoa, lijamaa la misuli hasa, wakampakatisha kachanga wakampiga picha, ili wanaume waone kwamba ukibeba mtoto mikono haikatiki. Bado haikutosha. 1995 wakatenga mwezi mmoja wa baba, kama hutaki unapotea, 2002 wakaongeza wa pili, 2016 wa tatu. Na mpaka leo wanaume wanachukua karibu asilimia 30 tu ya siku zote, yani hata hawa ninaowasifia hapa nusu hawajafika. Mswidi wa 1974 ukimleta kwenye kijiwe chetu pale Msamvu, Moro, angecheka ile picha yangu vilevile, tena angecheka kwa sauti kuliko nyie.

Wiki 2 za kwanza za hiyo likizo nilitaka kukimbia, sikufichi. Wife anaondoka asubuhi, mlango unafungwa, mnabaki wawili mnaangaliana kama watu mliokutana kwenye lifti. Mtoto analia hujui njaa, hujui usingizi, hujui tumbo, unamzungusha ndani, nje baridi, saa nne asubuhi unaona kama umeshinda siku tatu. Mi nilikuwa naamini mapenzi ya baba yanakuja tu yenyewe, mtoto akitoka na yenyewe yanatoka. Kwangu hayakuja hivyo. Yalikuja mwezi wa tatu kwenye homa moja ya usiku, mama yake kamchukua, dogo akawa ananyoosha mikono kwangu, ananitaka mimi, mama yake kachoka kanikabidhi kageukia ukutani kalala, mi nikakaa naye kwenye kiti cha jikoni mpaka kunakucha na sikusikia hata usingizi. Baada ya hapo nikawa najua kilio cha njaa na kilio cha kudeka. Alivyoanza chekechea nikawa ndo mimi napigiwa simu akiugua, hapa kuna siku unalipwa kukaa nyumbani na mtoto mgonjwa wanaita VAB, mwezi wa pili watoto wanaugua sana mafua mpaka watu wameubatiza Vabruari.

Na furaha yote hiyo ina kamwiba ndani yake, maana kila kitu kipya ninachokijua kwa huyu ni kitu ambacho sikijui kwa dada yake. Sijui jino lake la kwanza lilivyong'oka. Nilitumiwa video.

Sasa nimzungumzie mzee wangu. Mzee alikuwa dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma, Moro ilikuwa njiani ndo maana alituweka pale, apitie. Anaegesha Msamvu usiku, kabla jua halijatoka kashaondoka. Sisi tulikuwa tunamjua kwa mizigo. Ukiamka ukakuta vitunguu vya Ruaha Mbuyuni unajua baba kapita akitokea juu, ukikuta gunia la viazi unajua kapita Njombe. Siku akiwepo mchana kulikuwa na kile kikohozi chake, anakohoa mara moja tu akifika kwenye kona, na nyumba nzima inajipanga, aliyekaa kwenye kiti chake anatoka, redio inapunguzwa, vitabu vinafunguliwa hata vya mwaka jana. Sikuwahi kuongea na baba dakika kumi mfululizo mpaka nimemaliza fomu foo. Kila kitu kilipita kwa mama, mama ndo alikuwa posta. "Baba yako kauliza kama mguu umepona." "Baba yako kafurahi umekuwa wa nne." Alifurahi lini, mbona sikumwona? Tulikuwa tunadhani mama anatunga ili kutupoza.

Nilivyokuwa mkubwa kabisa, nimeshaoa na kuachana, mama akanihadithia kwamba yule mzee kila akiingia ule usiku kabla hata hajala alikuwa anachukua tochi anaingia chumba chetu, anatumulika mmoja mmoja, anatuhesabu. Tuko watano. Akimaliza ndo anaomba maji ya kuoga. Miaka yote hiyo. Nilikasirika ujue, nikawaza kwanini usituamshe mzee, hata dakika mbili. Mama akasema "angewaamsha aongee nini?"

Hilo swali ndo limenikalia kichwani, maana mimi na huyu binti yangu tulifika hapohapo. Nilitoka nyumbani ana miaka 4. Hela natuma, sijawahi kuchelewesha ada, na msinidanganye kwamba hela sio mapenzi, anayesema hivyo hajawahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Ila akawa kila nikimpigia anaanza na "shikamoo baba, hela imefika." Kama risiti. Alafu nauliza shule vipi, nzuri, umekula, ndio, haya mpe bibi. Na usiku mi nafanya nini, nafungua WhatsApp naangalia kama yuko mtandaoni, nikiona yupo au alikuwepo muda si mrefu naridhika, nazima simu nalala. Siku moja nimeshika simu hivyo gizani, mwanga unanipiga usoni, nikamkumbuka mzee na tochi yake.

Mtaniuliza mbona simleti. Masharti ya kipato yapo, ya ukubwa wa nyumba yapo, mama yake mzazi naye lazima akubali, na hapo kwa mama yake sitaki kuingia. Lakini kikubwa mwenyewe hataki kumwacha babu yake. Ndio, yule yule wa kikohozi. Kastaafu, kapaki lori mazima, na sasa hivi ndo anampeleka tuisheni, anajua marafiki zake kwa majina, anajua ana shida na hesabu za sehemu, dada zangu wanasema juzi walimkuta ameshika kioo binti anachana nywele. Huyu mzee! Nikipiga simu nasikia anamwambia kwa pembeni, "baba yako anauliza kama kikohozi kimepona." Sijauliza. Anatunga. Kachukua kazi ya mama ya posta na anaifanya kwa ajili yangu.

Hiyo ni kitu hapa hakuna na lazima nikiseme maana nimewasifia sana. Ghorofa ya chini kwetu kuna mzee anaishi peke yake, watoto wake wawili wako mji huuhuu, na nina uhakika aliwabeba vifuani kama mimi navyobeba. Siku ya akina baba, hapa ni Jumapili ya pili ya mwezi wa 11, mmoja alikuja na keki akakaa saa moja na nusu akaondoka. Mzee alinifungulia mlango anionyeshe keki imebaki nyingi. Wananifundisha sana hawa watu namna ya kuanza na mtoto, namna ya kumalizia nawaza sipati jibu. Kwetu baba anachelewa kufika lakini akishafika anakuwa babu wa kweli, wajukuu wanamvuta masharubu, mtu ambaye sisi tulikuwa hatuthubutu kumwangalia usoni.

Ila tusijifiche kwenye hilo. Kusubiri uwe babu ndo uwe baba ni hasara kwa watoto watano waliokuwa wamelala. Kitu kimoja hapa nilikidharau mwanzoni, wazazi wakiachana wengi mtoto anakaa wiki kwa baba wiki kwa mama, ana miswaki miwili, kila Ijumaa au Jumapili anahama na begi. Nilikuwa nasema huu ni usumbufu gani. Mpaka nilipopiga hesabu, mtoto wa walioachana hapa anakuwa na baba yake wiki 26 kwa mwaka. Wangu mimi ana baba wa Jumapili, tena bando likiwepo.

Kwaiyo msimamo wangu, siku 3 ni aibu ziongezwe, hata wiki 2 kama jirani tuanzie hapo, na zikiongezwa tuache kumcheka atakayezitumia, maana sheria ya hapa bila yale mabango na bila kulazimishwa isingesaidia kitu. Na sisi tulio nje tuache kujisifia "nawatafutia wanangu" kama vile sentensi ikiisha hapo imeisha. Nimeisema miaka 9, najua inavyotuliza.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo tu. Nimeacha kumhoji. Jumapili nampigia, naiegemeza simu kwenye kopo la sukari, naendelea na shughuli zangu, namwambia na wewe endelea na zako. Kiangazi tunapishana saa moja, baridi saa mbili, haina shida. Mwanzoni aliona nimechanganyikiwa. Dakika ishirini kimya, anaandika homuweki, mi nakunja nguo, dogo anapita na gari lake la plastiki. Akikwama anauliza "baba, elimisha ina maana gani kwenye hii sentensi", nikijua namwambia, nisipojua namwambia muulize babu. Tukazoea hivyo, hata lisaa linapita.

Jumatano iliyopita ikapigwa kutoka kwake. Nikashtuka, nikauliza kuna nini, ada? Babu anaumwa? Akasema hapana, nafua yunifomu tu. Akaiegemeza simu kwenye ndoo, mi naona kipande cha bati na mawingu, nasikia maji na jinsi anavyofikicha kola. Nikakaa. Baada ya muda nyuma huko nikasikia mtu kakohoa mara moja, kwenye kona, na mimi na miaka yangu 38 huku Göteborg nikajikuta nimenyooka kwenye kiti.