Shilingi mia zilizofichwa: undugu ni kodi au ni akiba?

Mpe mama shilingi 180 mbele ya mawifi zake, umwambie anaweza kuzizalisha. Atathubutu kiasi gani? Wanauchumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipeleka swali la namna hiyo vijijini magharibi mwa Kenya, wakachapisha majibu mwaka 2016. Kila mshiriki alipewa shilingi 80 au 180, bila wenzake kujua amepata ipi. Akachagua kiasi cha kuweka kwenye "biashara" iliyoamuliwa kwa kurusha sarafu: ama ulichoweka kipotee chote, ama kirudi mara tano. Kimahesabu, anayeweka zaidi hupata zaidi kwa wastani. Ila baadhi yao walijua kwamba mwishoni watasimama mbele ya watu na kutangaza walichoweka na kilichotoka.

Hapo ndipo ujanja ulipoanza. Wanawake waliopewa 180, wakijua watatangaza, walielekea zaidi kuweka 80 au pungufu. Anayeweka 80 huonekana kama aliyepewa 80. Zile mia nyingine zimetulia, hakuna wa kuziulizia. Wenye jamaa zao pale mchezoni ndio walioficha zaidi. Watafiti wakakadiria kwamba wanawake hao walifanya kana kwamba asilimia 4 ya kipato kinachoonekana kitaombwa na watu, na zaidi sana ikiwa ndugu wa karibu anakiona.

Wanauchumi huita hali hii kodi ya undugu. Hoja yao ina uzito: mtu akiogopa kuonekana anacho, atabaki na biashara ndogo isiyovutia macho. Yeyote aliyewahi kupokea mshahara wa kwanza anazijua simu za mwisho wa mwezi.

Lakini neno "kodi" limeshahukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mchezo wa siku moja hupima anachotoa mama. Haupimi usiku ambao mtoto wake atalazwa na wifi yuleyule akachomoa noti kwenye leso. Gharama ya undugu huonekana leo, malipo yake huja baada ya miaka, na mtafiti keshaondoka.

Wapo wanaopinga kwa njia nyepesi zaidi: vijisenti vya mchezo si maisha. Hao siwaungi mkono. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Kenya mchezo ambao kila mtu huchangia mfuko, watafiti wakauongeza, kisha ukagawiwa sawa hata kwa asiyetoa kitu, wenyewe waliutambua mara moja wakauita harambee. Watu huja mchezoni na maisha yao. Ila upanga huo hukata kuwili: kama kila mtu huja na ya kwao, ile asilimia 4 haiwezi kubebwa hivihivi hadi Kigoma au Lamu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Tunajua zile mia zilifichwa. Hatujaambiwa zilikwenda wapi. Kumficha wifi si lazima kuwe kukataa kutoa. Huenda jioni ileile fedha hizo zilimfikia mama mzazi, au mdogo wake anayedaiwa ada, bila mtu kutangaza. Aliyeficha hapo hakukwepa undugu. Alijichagulia ndugu wa kumpa.