Likizo Ikiisha, Pampu Inabaki na Nani?

Julai ikiingia, mwambao wa Ziwa Victoria huanza kupokea vijana wa uhandisi walio kwenye likizo ndefu. Wapo wa vyuo vya hapa nchini, wenye daftari la mafunzo kwa vitendo linalosubiri saini. Wapo wa Marekani na Ulaya, ambao michoro yao mara nyingi ilianza kabla hawajakiona kijiji. Wote wanakuja kujitolea: kisima, tangi la shule, choo, sola ya zahanati. Nia yao njema siitilii shaka. Ninachokitilia shaka ni hali ya kazi yao ifikapo Novemba, mvua za vuli zimeanza na wenyewe wako darasani.

Nianze na haki yao, kwa sababu wanayo kubwa. Kwenye visiwa vya Ukerewe, Kome au Maisome, mtu anaweza kuishi hatua chache tu kutoka kwenye maji yasiyo na mwisho, lakini maji hayo hayo yana kichocho. Mama anafua humo, mtoto anaoga humo, ndoo ya kunywa inachotwa humo. Mhandisi wa maji wa wilaya ana vijiji vingi kuliko siku za mwezi, na vingine vinafikiwa kwa mtumbwi tu. Kijana wa mwaka wa tatu anayejua kupima mteremko na kukokotoa kipenyo cha bomba ni msaada wa kweli, na hajaomba mshahara.

Naye anapata kitu ambacho darasa halimpi. Pale Mwanza mjini, kwenye vilima vya Mabatini na Igogo, nyumba zimekaa juu ya miamba ambayo choo cha shimo hakichimbiki. Mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, ilibidi ipeleke majitaka kwa mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba, mengine juu ya mawe yenyewe. Mwanafunzi akishinda wiki mbili kwenye mlima ule, akiomba njia kwa kila mwenye nyumba, atajua kwamba bomba ni mazungumzo kwanza, hesabu baadaye.

Na tuna mfano wa nyumbani uliozaa matunda. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaa ya Dar inayofurika, wakachora ramani ya mifereji, njia na nyumba pamoja na wakazi, katika mradi wa Ramani Huria. Hawakujenga kitu hata kimoja. Waliacha taarifa ambazo watu wa mipango na wa maafa wangeweza kuzitumia. Nitarudi kwenye hilo.

Upande wa pili una uzito wake pia. Mwaka 2009 shirika la maji la WaterAid lilionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vya vijijini Tanzania vilikuwa havifanyi kazi, na robo ya vile vyenye umri wa miaka miwili tu vilikuwa vimeshakufa. Vingi havikujengwa na wanafunzi, vilijengwa na watu wazima wenye vyeo. Lakini ndiyo ardhi ambayo mwanafunzi anapanda mradi wake. Tatizo letu kubwa halijawahi kuwa kujenga. Ni kutunza.

Nilifika shule moja ya msingi upande wa Sengerema ambako wanafunzi wa kigeni walifunga pampu ya sola. Bango la majina lilikuwa bado linang'aa. Pampu ilikufa miezi minne baada ya wao kuondoka. Kilichoharibika ni kidhibiti umeme, kifaa cha ukubwa wa kitabu, na kinachofanana nacho hakikupatikana Mwanza wala Geita. Fundi wa kijiji hakuthubutu kukifungua kwa sababu siku za ufungaji aliambiwa abebe saruji tu. Nilipomuuliza mama mmoja pale bombani wanasubiri nini, alinijibu bila hasira: "Tunawasubiri wale watoto warudi."

Jibu lile lilinikaa kooni. Jumuiya ya watumiaji maji ilikuwepo, yenye mwenyekiti na mhasibu. Ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya 2019, ilikuwepo wilayani. Lakini mradi uliingia kwa mlango wa pembeni, shuleni moja kwa moja, na hakuna aliyeupokea kama mali yake.

Halafu kuna kalenda, jambo ambalo sijaona likipewa nafasi linayostahili. Mwanafunzi anakuja kiangazi. Analiona ziwa likiwa limetulia, barabara inapitika, kijito kimekauka. Masika ya Machi hadi Mei hayaoni. Mei 2020 ziwa lilifika kimo ambacho halikuwa limekigusa tangu 1964, likameza mialo wanaposhushia samaki, vyoo na bustani za watu, na 2024 likapita hata hapo. Kidakio cha maji, yaani mahali pa kuvutia maji ziwani, kilichopangwa kwa macho ya Agosti kina bahati mbaya iliyoandikwa tangu siku ya kwanza.

Kwa dagaa ni vivyo hivyo. Wanafunzi wengi huvutiwa na mitambo ya kukaushia kwa jua, na sababu ipo: dagaa wakinyeshewa mchangani, mchuuzi anawauza kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ila mtambo unaomeza ndoo mbili au tatu haumsaidii mama ambaye mitumbwi ikirudi asubuhi baada ya usiku wa giza, usio na mbalamwezi, ananunua ndoo kumi na lazima aanike zote kabla jua halijapanda. Vichanja vya miti na nyavu vinamfaa zaidi, na fundi wa mwaloni anaviunda mwenyewe. Mwanafunzi angelala mwaloni usiku mmoja tu wa giza angeliona hilo bila kuambiwa.

Kuna pia suala la dhamana. Tangu Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, kazi ya uhandisi nchini ni ya aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata mhitimu mwenye digrii mkononi hupitia mafunzo ya miaka mitatu chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa. Inakuwaje basi mwanafunzi wa mwaka wa pili asanifu mnara wa tangi juu ya uwanja wa watoto, bila saini ya mhandisi yeyote, kwa sababu tu ni kijijini na ni bure? Mwanakijiji anastahili saini ile ile anayostahili mwenye ghorofa mjini.

Walioanzisha harakati hizi wenyewe wameliona hili. Engineers Without Borders ya Marekani, jumuiya ya wahandisi wa kujitolea iliyoanzishwa mwaka 2002 na Profesa Bernard Amadei wa Chuo Kikuu cha Colorado, imezitaka timu zake zifungamane na jamii moja kwa miaka mitano, si likizo moja. Wenzao wa Kanada walianza 2008 kuchapisha taarifa ya miradi yao iliyoshindwa. Nawaheshimu kwa hilo. Taasisi zetu zinazopokea wanafunzi zingefanya vivyo hivyo tungejifunza mengi.

Na tukumbuke nani anayemudu kujitolea. Hapa kwetu neno hilo limeshachoka: wahitimu wanakaa ofisini miaka bila posho wakitumaini ajira. Mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Ukara, ambaye angefaa kuliko wote, likizo anatafuta ada. Gharama ya chakula na malazi yake ni ndogo mno ukilinganisha na tiketi za ndege za kundi zima kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo sisemi wasije. Nasema waje kwa mlango wa RUWASA au halmashauri, chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na kazi ya kwanza iwe kufufua kilichokufa na, kama wale wa Ramani Huria, kupima kisichopimwa: pampu ipi imesimama na kwa nini, kisima kinatoa lita ngapi, ziwa linafika wapi. Kujenga kuje mwisho. Na vyuo viwaruhusu wachache wafanye mafunzo yao wakati wa masika.

Ninaamini hivyo kwa sababu ya kijiji kimoja cha Ukerewe. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa Machi kwa ajili ya korona, mwanafunzi mmoja wa uhandisi alirudi kwao, akalishuhudia ziwa likipanda hadi Mei. Alichukua rangi nyekundu, akapiga mstari kwenye mwamba pale maji yalipoishia, akamwambia fundi wa kijiji nyumba ya pampu isikae chini ya hapo, na afadhali iwe juu yake kwa kimo cha mtu. Waliihamisha. Mwaka 2024 maji yaliufunika ule mstari. Pampu ilibaki pakavu, na fundi ndiye aliyenipeleka mwambani kunionyesha.