Mshenga Ndiye Huonja Kwanza

Jamaa yangu ameshaposti kwamba mshenga alilewa kwa kata moja ya mbege, ile pombe ya Wachagga. Uongo. Zilikuwa kata mbili, na sikulewa.

Lile tumbo langu mnalijua. Kipimo cha choo kilionyesha jiadia, kijidudu cha tumboni, nikapewa metronidazo, ndiyo hiyo Flagyl: vidonge vya miligramu 200, 2x3, yaani viwili mara tatu kwa siku, siku tano. Siku zote tano nilikuwa mtakatifu. Mdomo una ladha ya msumari, mkojo kama chai ya rangi, pombe hata tone. Jumamosi saa moja asubuhi nikameza viwili vya mwisho, nikaikunja bahasha mfukoni, nikajitangazia uhuru. Nyuma ya bahasha palikuwa na maandishi. Nyuma, jamani. Nani husoma nyuma?

Saa tisa alasiri tuko Marangu kuposa. Zimepita saa nane tu, na dawa hii huchukua kama saa nane kupungua nusu mwilini. Mimi najiambia mbege ni ndizi na ulezi, uji uliochangamka. Tena aliyeileta ndiye huonja kwanza, wazee waone haina sumu.

Nikaonja. Nikaongeza ya pili kwa heshima. Nikasimama: "Shikamooni wazee wangu. Tumesikia hapa kuna ua..."

Kwenye "ua" masikio yakashika moto, kama nimeinamia jiko la mkaa. Moto ukashuka shingoni, ukaingia kifuani. Moyo ukaanza kukimbia bila mimi. Jasho likadondokea karatasi ya hotuba. Mate yakajaa mdomoni, yale mate yanayotangulia. Nikasema "ua" tena. Baba wa binti akaitazama kata yake, akaiweka chini taratibu. Wazee wote wakaziweka chini.

Nikaukumbatia mgomba na kutapika.

"Mmetuletea nini?" babu mmoja akauliza.

Shangazi wa binti ni muuguzi. "Mwanangu, unatumia dawa gani?" Nikatoa bahasha. Akaisoma nyuma, mbele ya ukoo mzima, kwa sauti: "Usinywe pombe mpaka zipite saa 48 baada ya kidonge cha mwisho."

Akaeleza kwamba ini huigeuza pombe kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha huivunja. Dawa husemekana kuziba hiyo hatua ya pili, sumu ikajikusanya. Wapo watafiti wanaobisha, na si kila mtu hupatwa na haya. Waje tubishanie pale mgombani. Na wewe unayeandika "mbona mimi nilichanganya na sikufa", ulichanganya na ipi? Amoksilini haina ugomvi huu. Tinidazo ni ndugu wa Flagyl, na yenyewe hutaka saa 72.

Posa imekubaliwa, faini mbuzi mmoja, nauli ya kurudi nimelipiwa kwa huruma. Jana mama mdogo kaniletea dawa ya kikohozi. Nimesoma chupa pande zote, ina alkoholi, nimeirudisha.

Sasa ni saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu. Zimebaki saa saba. Aliyeondoka na kile kidumu cha mbege asikimalize.