Vyumba sita, luku moja: sheria zinamkuta wapi mwenye nyumba mdogo wa Dar

Tunapotaja wenye nyumba, wengi wanawaza maghorofa ya Masaki. Mimi nataka kumzungumzia mwingine: mjane wa Buguruni aliyeachiwa nyumba na mumewe, mstaafu wa Tabata aliyemalizia kiinua mgongo kwenye bati, fundi wa Mbagala aliyejenga chumba kimoja kimoja kila alipopata. Nyumba ya mtu huyu ina vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, na mara nyingi chumba cha mbele anaishi yeye mwenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wapangaji wao wanalala kwenye nyumba za namna hii.

Kwa miaka ya karibuni kanuni zimemjia kutoka pande nyingi: bei za umeme, kodi ya jengo ndani ya luku (mita ya umeme wa kulipia kabla), kodi ya zuio kwenye pango, kampeni ya nishati safi, na madai ya kila mara kwamba pango lilipwe mwezi kwa mwezi. Ukiichukua moja moja, karibu kila kanuni ina sababu nzuri. Tatizo ni kwamba zote zimeandikwa kana kwamba nyumba moja ni familia moja na mita moja, na uswahilini hali haiko hivyo.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo hela nyingi inapopotea bila mtu kuiona. Bei zilizodumu tangu 2016 zinamlinda mtumiaji mdogo. Wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anatozwa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inakuwa 122. Huyo ndiye anayepata uniti 8.2 kwa elfu moja. Anayezidi kiwango hicho huhamishiwa kundi la kawaida la shilingi 292, ambayo pamoja na makato inafika kama 356, yaani uniti 2.8 kwa elfu.

Sasa weka familia sita kwenye luku moja. Tuseme kila moja inatumia uniti 40, kwa taa, feni, televisheni na kuchaji simu. Kila familia, ikihesabiwa peke yake, ni mtumiaji mdogo kabisa ambaye angelipa kama shilingi 4,880 kwa mwezi. Lakini mita haioni familia, inaona uniti 240. Hivyo wote wanaingia kundi la juu na kila mmoja anachangia 14,240. Tofauti ni 9,360 kwa kila chumba kila mwezi, inayolipwa na watu walewale ambao bei nafuu iliwekwa kwa ajili yao. Anayeishi peke yake kwenye nyumba nzima na kutumia uniti 70 analipa bei ya chini. Mama lishe mwenye chumba kimoja analipa ya juu. Sijasikia mtu akiitetea hali hii, ila inaendelea kwa sababu haina mwenyewe.

Wapangaji watasema mwenye nyumba aweke kila chumba luku yake. Wana haki ya kudai hivyo, na madalali wanajua thamani yake, ndiyo maana tangazo la "umeme unajitegemea" linapandisha bei ya chumba. Lakini tangu Januari 2022 kuunganishwa umeme mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni shilingi 320,960. Luku sita ni 1,925,760, kabla ya kumlipa fundi wa kutenganisha nyaya za nyumba ya zamani. Kwa chumba cha elfu hamsini, luku moja inakula pango la zaidi ya miezi sita. Mpangaji naye hawezi kuigharimia, kwa sababu kwa akiba ya 9,360 kwa mwezi atahitaji karibu miaka mitatu kurudisha fedha yake, na hana uhakika wa kukaa hata miwili. Mwenye uwezo wa kulipa hapati faida, anayepata faida hana uwezo wala uhakika. Wengine hufunga mita ndogo kila chumba. Inasaidia kumaliza ugomvi wa nani katumia zaidi, ila haibadilishi bei, kwa kuwa mita kubwa inabaki kusoma uniti 240.

Na hapa ndipo nishati safi inapokwama. Serikali imezuia kuni na mkaa kwenye taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku tangu mwanzoni mwa 2024, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 linatoa umeme, na tunaambiwa kwamba jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Ni kweli. Lakini ingia nyumba ya kupanga Manzese au Tandale usome karatasi iliyobandikwa koridoni: marufuku jiko la umeme, hita na pasi. Mwenye nyumba aliyeiandika hana ukatili. Ameshachoka kuamua kesi za Jumamosi, mmoja anachemsha maji ya kuoga kwa hita na watano wanachangia. Akiruhusu, wastaarabu wanahama. Akikataza, mkaa unabaki uani na mitungi ya gesi inaingia kwenye vyumba vyenye dirisha moja, karibu na kitanda na pazia. Kwa maoni yangu, kampeni nzima ya jiko la umeme haitafika uswahilini kabla suala la luku ya kuchangia halijashughulikiwa.

Kodi ya jengo ni mfano mwepesi zaidi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia luku, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Kwa serikali ni njia rahisi kuliko kutuma watu mlango kwa mlango, na kiasi chenyewe hakimvunji mtu mgongo. Ila anayenunua umeme ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye jengo. Kisheria mpangaji anaweza kuidai au kuikata kwenye pango. Kiuhalisia, nani atamgongea mwenye nyumba mlango kwa ajili ya mia mbili hamsini, fungu lake kati ya sita?

Kodi ya zuio ni nzito zaidi. Mwaka 2023 mjadala uliwaka wapangaji walipokumbushwa kwamba wanatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Upande wa serikali unaeleweka: kipato cha pango ni kipato, na mwalimu anakatwa mshahara wake kabla hajauona, kwa nini mwenye vyumba kumi asikatwe? Nakubaliana na hoja hiyo. Ninachopinga ni kumpa kazi ya mkusanyaji mtu dhaifu kuliko wote kwenye uhusiano huu. Mpangaji akimkatia mwenye nyumba asilimia 10, mwezi unaofuata pango limepanda kwa kiasi hichohicho, au ameambiwa chumba kinahitajika na mdogo wake mwenye nyumba. Kenya wamechukua njia nyingine: mwenye nyumba anawasilisha mwenyewe asilimia 7.5 ya pango tangu Januari 2024, na utaratibu huo unaanzia kwenye kipato cha shilingi 288,000 za Kenya kwa mwaka. Ngazi ya chini kama hiyo, ikiwekwa mahali panapofaa, ingemwacha pembeni mjane wa Buguruni na kuelekeza macho kwa wenye majengo mengi.

Suala la pango la miezi sita au mwaka kwa mkupuo ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Kijana anayeanza kazi anatakiwa kuwa na miezi sita ya chumba na mwezi mmoja wa dalali kabla hajanunua hata godoro. Anakopa, na anaanza maisha akiwa na deni. Wanaotaka sheria ya kulipa kwa mwezi wanasema mshahara unalipwa kwa mwezi, na siwezi kuwapinga.

Ila mwenye nyumba ana kumbukumbu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria ya 1984 ya kudhibiti pango ilimpa mpangaji ulinzi mkubwa, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba ndio umebeba kila kitu. Mkataba wenyewe ni karatasi ya stationari, mara nyingi bila ushuru wa stempu wa asilimia 1 unaoupa nguvu ya ushahidi. Mpangaji akigoma kulipa, mwenye nyumba anapaswa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilekile kinachosikiliza migogoro ya viwanja. Kwa mtu anayeishi kwa pango la vyumba vitano, kesi ya miezi mingi ni njaa. Malipo ya mkupuo ndiyo bima yake. Sheria ikiiondoa bima hiyo bila kumpa nyingine, atachagua wapangaji kwa ukali zaidi, na wa kwanza kukataliwa watakuwa bodaboda, machinga na mama wasio na mume.

Kwa hiyo ningeweka utaratibu huu. Kwanza luku: gharama ya kuunganisha mita za ziada kwenye nyumba ya kupanga igawanywe na kukatwa kidogokidogo kwenye ununuzi wa umeme, kama kodi ya jengo inavyokatwa, na jengo liendelee kukatwa kodi hiyo mara moja tu hata likiwa na mita sita. Ambapo haiwezekani, kiwango cha uniti 75 kihesabiwe kwa idadi ya familia zilizo nyuma ya mita. Pili, meza ndogo ya migogoro ya pango yenye ukomo wa siku, na baada ya hapo ndipo sheria ya kulipa kwa mwezi. Watakaouliza nani atathibitisha idadi ya familia waende ofisi ya serikali ya mtaa: ndiko mikataba mingi ya pango inakopelekwa kugongwa muhuri, na mtendaji anawajua wapangaji wa nyumba hizo kwa majina.