Si uvivu wa kuandika
Eti tovuti ndogo hushuka kwenye matokeo ya utafutaji kwa sababu wenyewe hawaandiki mapya? Sikubali. Hapa Shela, kisiwani Lamu, kuna nyumba za wageni zenye tovuti zinazoeleza mpaka maji kujaa na kupwa na boti ya kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, lakini ukitafuta malazi Lamu, juu ni matangazo ya kulipiwa, kisha madalali wakubwa wa vyumba. Machi 2024 Google ilitangaza kupunguza kwenye matokeo yake kurasa zisizo na faida kwa msomaji. Vyema, ila mgeni akipitia kwa dalali, kamisheni humtoka mwenye nyumba. Wanaopumua ni wenye wateja wa zamani kwenye WhatsApp (na msimu wa Maulidi, wageni wake hawangoji tovuti). Wenzetu wa Malindi, tovuti zenu bado zaleta wageni, au wanawapata kwa ramani ya Google tu?