Kioo Kimoja, Mabwana Watatu

Anayesema kwamba kuchagua kioo cha kompyuta ni jambo jepesi, bila shaka ana kazi moja tu. Mimi mchana nashinda na majedwali ya hesabu za ofisi, jioni natengeneza kadi za harusi, na usiku, nyumba ikishatulia, nacheza mpira na vita vya kwenye kompyuta, kwa kuwa utu uzima nao una haki zake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mshika tatu hawakumtaja kabisa, nadhani walimwonea huruma.

Kariakoo muuzaji hakuulizi kioo ni cha kazi gani. Anauliza, "Bosi, unataka inchi ngapi?" kana kwamba nimefuata bomba la maji. Nikimwambia kwamba nataka rangi za kweli, ananiwashia picha ya kasuku. Kasuku hupendeza kwenye kioo chochote! Niwekee kadi ya rangi ya damu ya mzee, tuone. Kwenye kioo changu cha sasa, cha aina ya TN, rangi hiyo ni damu ya mzee nikikaa wima, ni kahawia nikiegemea kiti, na kadi ikishachapwa mama wa bibi harusi anataka kujua zambarau imetoka wapi ilhali sare za kamati zimeshashonwa.

Aina ya IPS ingepunguza kesi hizo, maana rangi zake hazigeukigeuki ukizitazama kutoka pembeni. Lakini subiri usiku, uzime taa, uingie kwenye pango la mchezo: giza lake ni la kijivu, kwa sababu uwiano wa weupe na weusi kwa kawaida ni kama 1000 kwa 1. Aina ya VA hufika 3000 kwa 1 na zaidi, giza likawa giza, ila adui anayekimbia gizani mara nyingi huburuta mkia nyuma yake. Aina ya OLED ina weusi kamili na wepesi wa ajabu wa kubadili picha, lakini jedwali la hesabu likikaa mahali palepale kila siku linaweza kuacha alama ya kudumu, na bei yake si ya kusomwa ukiwa umesimama.

Halafu kuna maandishi ya kwenye boksi. "Milisekunde 1", kwa herufi kubwa, eti ndiyo muda wa picha kubadilika, bila kusema imepimwaje. Mara nyingine kasi hiyo hupatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma, na kioo kizima kinafifia. Upana nao una hila zake: inchi 27 zenye pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080 hutoa pikseli kama 82 tu kwa kila inchi, na tarakimu za jedwali zinaota meno. Ukipanda hadi 2560 kwa 1440 zinanyooka, lakini sasa kadi ya picha, ile iliyo ndani ya kompyuta, inasukuma pikseli milioni 3.7 badala ya milioni 2.1, na feni yake inalalamika kuliko mimi. Sitaji wale wanaolipia hezi 144, yaani kioo kinachobadili picha mara 144 kwa sekunde, kisha wakaendelea kucheza kwa hezi 60, kwa sababu hakuna aliyewaambia wabadilishe mpangilio kwenye Windows.

Nimeshaamua: inchi 27, 2560 kwa 1440, IPS, hezi 144, na karibu rangi zote za sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi za kompyuta. Kipo dukani, isipokuwa mguu wake haupandi wala haushuki, kwa hiyo itabidi kikalie rimu mbili za karatasi ili shingo yangu ipone. Mke wangu ameuliza swali moja tu, kama kitaonyesha tamthilia. Nimemweleza kwamba hakina king'amuzi wala spika. Amenitazama kwa muda, kisha akataka nirudie ile bei, polepole, na kwamba ni ya kitu kisichotoa hata sauti.