Tunaila Rangi kwa Jina la Kung'arisha

Simba aliyechorwa kwenye boneti ya gari langu hana sikio la kushoto. Alikuwa nalo hadi Ijumaa moja jioni, siku mbili kabla ya maonyesho ya magari, nilipompa fundi gari alipige mashine kidogo lizidi kumeta. Alikuwa na mashine nzito ya kuzunguka, pedi ya manyoya na kompaundi kali ya kukata, ile krimu ya kusaga rangi. Mimi nilikuwa pembeni na kikombe cha chai. Kwanza nilisikia harufu, kama plastiki inayoungua, halafu mashine ikanyamaza. Fundi alikuwa ameiinua na hasemi neno. Pale boneti inapokunja kuelekea kioo cha mbele, sikio lilikuwa limegeuka doa la kijivu la praima, rangi ya kwanza inayopakwa kwenye bati, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Nimelishusha, nikalipanulia magurudumu, nikalipiga rangi ya damu ya mzee. Simba alichorwa na kijana anayechora nganya, zile matatu zilizopambwa, za Rongai, kwa mkono, siku tatu, unyoya kwa unyoya. Nilipomrudia aniongezee sikio alilikagua kwa muda mrefu, akasema hawezi kulibandika peke yake. Rangi haitashikana na ya zamani, na klia, ile safu ya juu inayong'aa, italazimika kumwagwa upya boneti nzima. Nikamwelewa. Sikio likabaki hivyo.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na najua wenzangu wengi wa magari ya maonyesho hapa Nairobi hawataupenda: mashine ya kung'arisha inaharibu magari yetu kuliko vumbi, kuliko jua, kuliko barabara. Tunaikimbilia kila maonyesho yanapokaribia, na kila tunapoikimbilia tunatoa kitu kisichorudi.

Klia ndiyo safu ya juu kabisa, isiyo na rangi, na mng'aro wote umo ndani yake. Katika gari lililotoka kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, maikroni elfu moja zikiwa milimita moja. Unywele mmoja wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Fundi akikuambia ameondoa mikwaruzo, elewa kwamba mkwaruzo hauzibwi. Klia iliyouzunguka ndiyo inayosagwa hadi ishuke usawa wake. Polishi laini huondoa maikroni moja au mbili, kompaundi huondoa zaidi, na msasa wa maji namba 2000 huondoa zaidi ya hapo kabla hujamaliza kumpigia mtu hadithi. Watu wa Pwani walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina la mti ndilo tunaloita karatasi ya dukani leo. Seremala wa zamani alijua kwamba kila jani likipita, mbao imepungua. Sisi tumebaki na neno, hilo la pili tumelisahau.

Kwenye kingo hali ni mbaya zaidi. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye pembe kali, kwa hiyo ikikauka inakuwa nyembamba palepale ambapo pedi hubana zaidi na joto hujikusanya. Fundi makini hubandika tepu kwenye kila ukingo kabla hajawasha mashine. Wangu hakubandika, nami sikumuuliza.

Baada ya msiba wa sikio nilipelekwa kwa mzee mmoja upande wa Kirinyaga Road, mtu wa rangi tangu barabara ile ikiitwa Grogan na wengi. Hakugusa mashine. Alitoa kipimo kidogo cha mkononi cha unene wa rangi, akakigusisha kwenye bati hapa na pale huku akinisomea. Mlango wa nyuma, ambao hakuna aliyewahi kuujali, maikroni 182. Paa, 160. Boneti, katikati, 109.

"Kijana, hii boneti imepigwa mashine mara ngapi?"

"Mara nne, Mzee. Labda tano."

"Na hiki kipimo kinahesabu vyote pamoja, praima, rangi na klia. Hakikuambii klia imebaki ngapi. Mimi hapa sina kazi ya kukufanyia. Lipeleke nyumbani ukalioshe vizuri."

Alikataa hela yangu. Nimekutana na mafundi wengi wanaojua kufanya kazi. Anayejua kuikataa nimekutana na huyu tu.

Na neno lake la kuosha ndilo nililolibeba. Ile mistari myembamba kama utando wa buibui, inayojitokeza ukisimama na gari jeusi chini ya jua la saa sita, watu hudhani imetokana na kusugua kwa mduara. Kwa kweli imekwenda kila upande. Ile inayokingama na mwanga ndiyo inayorudisha mwanga machoni, kwa hiyo unaona duara kulizunguka jua, na ukisogea duara linasogea nawe. Karibu yote huzaliwa kwenye kuosha. Angalia tunavyoosha: ndoo moja, kitambaa kimoja, gari baada ya gari. Kitambaa kikianguka chini kinaokotwa, kinakung'utwa, kinaendelea. Vumbi letu, liwe lile jekundu la upande wa Kikuyu au la udongo mweusi wa Embakasi, lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia yoyote. Ukilifuta gari kavu kwa kitambaa kikavu umelipiga msasa. Halafu mwezi ujao unamlipa mtu aondoe ulichokiweka mwenyewe.

Nawaonea huruma vijana wa kuosha magari, na siwalaumu. Mtu analipwa kidogo kwa gari, foleni ni ndefu, maji ni ya mtungi. Huwezi kumdai ndoo mbili na taulo sita kwa bei hiyo. Ila sisi wenye magari ya maonyesho tunatoa maelfu ya shilingi kwa siku moja ya mashine, kisha tunabishana juu ya hamsini ya kuosha. Hapo ndipo napakasirikia. Hela iko, tumeiweka mahali pabaya.

Wenzangu huniambia gari la maonyesho lipo kwa ajili ya mng'aro, na klia ikiisha unapiga nyingine. Kwa gari la rangi moja naweza kukubali, ukiwa na fundi mzuri na chumba kisicho na vumbi. Lakini magari yetu mengi siku hizi yana michoro, na mchoro unalala chini ya klia. Waulize wenye nganya. Uso uliochorwa na mtu aliyeshika kibomba cha rangi usiku kucha hauagizwi tena kama taa ya nyuma. Ukiutoboa umeutoboa.

Tangu 1970 mji huu una Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa, siku hizi pale Ngong Racecourse, na waamuzi hukagua gari mpaka ndani ya injini. Naipenda siku ile. Ila nikipita kwenye safu za magari sasa macho yangu hutafuta kitu kingine: rangi ya zamani iliyotunzwa, yenye alama mbili tatu ambazo mwenyewe aliamua kuziacha. Mkwaruzo ukiupitishia ukucha na ukucha ukanasa, mara nyingi ni mrefu kwenda chini kuliko unavyoweza kuusaga salama. Uache. Alama mlangoni haijawahi kuua rangi. Kuifukuza ndiko kunakoua. Na ule mng'aro wa ghafla unaotoka na polishi ya mafuta usikudanganye, ukiosha mara mbili ule utando wa mikwaruzo umerudi.

Mimi sasa naosha mwenyewe. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza glavu, kila moja na wavu chini wa kushika mchanga. Maji ya kumwagia kwanza, mengi, kabla mkono haujagusa bati. Kinyesi cha ndege, hasa ukiwa umeegesha chini ya miti ya wale korongo wakubwa karibu na Nyayo Stadium, nakilowesha kwa taulo yenye maji dakika chache kisha nakiinua, sikisugui. Naanzia paani, namalizia chini ya milango. Nakausha kabla maji hayajajikausha, kwa sababu maji ya kisima cha mtaani kwetu huacha duara nyeupe za chumvi.

Jumapili naanza saa kumi na mbili na nusu, ukuta wa jirani ukiwa bado umekinga jua. Nikifika kwenye boneti naweka taulo juu ya simba na kuivuta taratibu bila kukandamiza. Pale kwenye sikio nimefunika praima kwa tone la klia kwa brashi ndogo, isishike kutu. Tone lenyewe linaonekana. Ukilitazama kwa ubavu limeinuka kidogo, kama chozi lililokauka.